Daftari Mbili: Hotuba kwa Wazazi Wanaofanya Kazi, Maweni, Malindi

Jumamosi iliyopita niliitwa kuzungumza na wazazi uani kwa jirani yetu hapa Maweni. Walioshindwa kuja ni wengi kuliko waliokuja. Wengine walikuwa zamu hotelini, wengine hawakupata wa kumwachia mtoto, na hilo ndilo lililotukutanisha. Wameniomba maneno yangu niyaandike. Nimeyaweka kama nilivyoyasema, nimetoa tu pale nilipojirudia mno na pale mvua ilipotukimbiza barazani.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo wazazi wenzangu.

Naona kina baba wamekaa nyuma, karibu na lango. Nawajua. Anayekaa karibu na lango ana safari. Sogeeni mbele, zamu yenu inakuja, na nimeipanga mwisho makusudi.

Aliyenialika aliniambia, "Mwalimu, njoo utueleze kwa nini kulelesha mtoto kumekuwa ghali hivi." Nikajiuliza, hawa wananialika au wananishtaki? Maana pesa mnayoilalamikia inaingia mkononi mwangu. Mwenye deikea, nyumba ya kulelea watoto mchana, ni mimi. Ninayewatoza shilingi 100 kwa mtoto kwa siku ni mimi. Kuna mama yuko hapa, simtaji, anacheka mwenyewe, aliwahi kuniambia mlangoni kwangu, "Mwalimu, mimi nakufanyia kazi wewe." Nilikasirika siku ile. Usiku nikapiga hesabu yake, nikaona hakukosea sana.

Basi leo nimekuja na daftari mbili, yangu na yake. Yake nimeandika mwenyewe kwa ruhusa yake. Tutazifungua. Lakini kabla ya hapo kuna neno nataka tulitoe njiani, kwa sababu kila mkutano wa namna hii lazima mtu alilete: kwamba zamani malezi yalikuwa bure.

Yalikuwa bure kwa nani?

Mama yangu alikuwa mama karanga. Wale wa ufuoni mnajua kazi hiyo. Alfajiri yuko pwani anangoja mashua, ananunua samaki, anakaanga, anauza kando ya njia mpaka magharibi. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mgongoni kwa dada yangu. Dada alikuwa na miaka 9, yuko darasa la tatu. Mwalimu wake alikuja nyumbani mara ya kwanza kuuliza mbona haonekani. Akaja mara ya pili. Mara ya tatu hakuja tena, na dada hakurudi tena.

Mimi nilipofika umri wa shule nikaenda. Nikasoma, nikamaliza, nikasomea ualimu wa chekechea, ndiyo maana mnaniita Mwalimu. Dada yangu leo akipewa karatasi ya dawa ananipigia simu. Anamwomba mtoto wa jirani aipige picha, ananitumia, kisha ananiambia, "Nisomee." Namsomea: viwili asubuhi, viwili usiku, baada ya kula. Na kila nikimsomea nakumbuka kwamba kusoma kwenyewe nilikutoa kwake.

Sasa niambieni, malezi yangu yalikuwa bure? Ada ililipwa, wazazi wenzangu. Ililipwa na mtoto wa miaka 9, na hakuna aliyempa risiti.

Tunapenda kusema mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli. Lakini mara ngapi mmesikia mtu akiuliza ule mkono wa pili ni wa nani, na unapata nini?

Januari 2003 serikali ikasema elimu ya msingi ni bure. Mnakumbuka madarasa yalivyofurika? Watu wazima walikaa dawati moja na watoto. Miongoni mwa waliofurika wale walikuwamo dada wakubwa, walioteremsha watoto migongoni na kushika madaftari. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kumzuia mtoto nyumbani ikawa kosa. Na ni vizuri. Sitaki kusikia mtu hapa akinong'ona kwamba msichana wa miaka 9 anaweza kukaa na mdogo wake "kwa muda tu". Dada yangu pia alikaa kwa muda tu.

Na bibi je? Bibi yuko Magarini, ana shamba lake, ana mbuzi wake, ana goti lake linalomuuma. Wewe umepanga chumba kimoja Kisumu Ndogo, wewe na mume na watoto. Bibi akija atalala wapi, juu ya kabati? Wengine hawe zao, yaani bibi zao, wako Ganda, wanasema wazi, mimi nimelea, nimemaliza.

Jirani je? Katika zile nyumba zetu za vyumba sita na ukumbi katikati, mtoto alikuwa akilelewa ukumbini. Ukitoka humuagi mtu, unasema tu, "Mtizameni huyo," unakwenda. Leo ukisema hivyo ukumbini hakuna mtu. Jirani naye ametoka alfajiri kutafuta kibarua kama wewe.

Kwa hiyo malezi hayakupanda bei. Waliokuwa wakiyalipa kimyakimya ndio wameondoka, bili imebaki mezani, na sasa inasomwa kwa sauti.

Haya, tufungue daftari. Tuanze na ya huyu mama.

Anafua nguo nyumba za watu upande wa Casuarina. Siku akipata kazi analipwa shilingi 500. Ana watoto wawili kwangu, hiyo ni 200. Tuktuk kwenda na kurudi, 100. Anakula kitu mchana, viazi vya karai na chai, 50. Zimebaki 150. Kwenye hizo 150 atoe kodi, unga, mafuta, maji, mkaa. Na hiyo ni siku yenye kazi. Siku isiyo na kazi hanilipi, lakini pia hapati. Akaniuliza, "Mwalimu, nikikaa nyumbani si afadhali?" Unamjibu nini mtu kama huyo? Nilimwambia mwenye kufulisha akikuzoea hakuachi, lakini ukikosa wiki mbili ana mwingine. Ni kweli, ila haikuwa jibu la swali lake.

Sasa yangu. Msinionee haya, tazameni.

Nina watoto 12. Kila mmoja 100, hiyo ni 1,200 kwa siku. Nafungua siku 26 kwa mwezi. Wote wakija kila siku, wote wakilipa kila siku, napata 31,200. Mnaona ni nyingi? Kodi ya vyumba viwili na ua, 8,000. Wasichana wawili wanaonisaidia, 8,000 kila mmoja, 16,000. Na msiniulize kama mshahara huo unatosha, jibu mnalo. Uji, maziwa, mkaa, sabuni, maji ya mitungi bomba likikauka, 6,000. Jumlisheni. Ni 30,000. Umebaki mwezi mzima wa kazi yangu kwa shilingi 1,200.

Na hapo nimesema wote wakija na wote wakilipa. Nani hapa analipa kila siku? Musitazamane.

Mnaona sasa shida ilipo? Kwa mama bei iko juu hata inamla. Kwangu bei iko chini hata siwezi kuishi. Pesa ileile, shilingi 100 moja, ni nyingi mno upande mmoja na ni kidogo mno upande wa pili. Bidhaa nyingine hazina tabia hii. Nazi ikipanda, mwenye mnazi anacheka. Hapa hacheki mtu.

Kuna walionishauri, "Mwalimu, ongeza watoto, bei itashuka." Nimeshafanya. Mwaka wa kwanza nilikuwa na watoto 19 na msichana mmoja, natoza 60. Nikajiona mfanyabiashara. Siku moja mtoto wa miaka miwili akachukua harage kutoka kwenye sufuria iliyoroweka, akalitia puani. Hakulia. Nasema hakulia, ndiyo maana hatukujua. Mimi namlisha mmoja, msichana anambadilisha mwingine, wa tatu anapanda dirisha. Tulijua jioni, pua moja imevimba, anapumua kwa mdomo. Nilipanda bodaboda na mtoto wa watu kifuani, moyo uko kooni. Harage lilikuwa limefura kwa maji ya pua. Lilitolewa, mtoto yuko mzima, sasa yuko shule. Lakini nilimrudishia mama yake mtoto saa mbili usiku, na macho aliyonitazama nayo sijayasahau.

Tangu siku ile wachanga hawazidi wanne kwa mlezi mmoja. Hapo ndipo bei ilipotoka 60. Mtu anayekwambia anaweka watoto 30 kwa shilingi 40, muulize wanalalaje wote saa tano mchana kwa pamoja. Muulize. Kuna vyumba mjini humu mtoto anapewa dawa ya mafua na hana mafua. Mimi sitaji mtu. Lakini mtoto wako akija nyumbani kila jioni mzito, macho hayafunguki, hataki kucheza, usifurahi kwamba ni mpole.

Na kuna jambo la hapa petu ambalo wa Nairobi hawalijui. Kazi zetu zinafuata upepo. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, wageni wapo, hoteli zinaita watu, samaki wapo, hata mwenye saluni ana foleni. Watoto wangu wanakuwa 15, 16, nakataa wengine. Ikiingia kusi, mwisho wa Aprili, mvua, bahari imechafuka, hoteli zinafunga milango, mikataba imekwisha. Watoto wanabaki watano. Mwenye nyumba yangu je, naye anafuata kusi? Kodi ni ileile. Wasichana nawaambia nini, rudini kwenu mpaka Julai? Mmoja alirudi, hakuja tena, na watoto aliowazoea walimlilia wiki nzima. Mtoto hajui msimu. Anajua tu kwamba mtu amepotea.

Sasa nikae kidogo kwenye sheria. Mimi si wakili, ila kusoma najua, nimewaeleza nilikupata wapi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Shirika la Afya Duniani linatwambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Tatu na sita. Mtoto akimaliza miezi mitatu, hii mingine mitatu ananyonya nini, simu?

Sheria ya Afya ya 2017 imejaribu kuziba hapo. Inamtaka mwajiri atenge mahali mama aliyejifungua anyonyeshe au akamue maziwa, na ampe muda wa kufanya hivyo. Nimemlea mtoto ambaye mama yake alikuwa dobi katika hoteli moja ya pwani, jina tuliache. Alikuwa akikamua maziwa ndani ya stoo ya mashuka, mlango ameuegemea kwa mgongo mtu asiingie, chupa anaificha kwenye ndoo ya barafu aliyopewa na kijana wa baa. Huyo kijana wa baa Mungu amjalie. Wenye hoteli walikuwa na chumba cha mazoezi, chumba cha masaji, na chumba cha kuwekea mbao za kuchezea mawimbini. Mbao zina chumba.

Na huyo ana mkataba. Kibarua ambaye mkataba wake unakufa kila Aprili, hiyo miezi mitatu anampelekea nani? Akijifungua Mei, kwa karatasi zao hajaajiriwa na mtu.

Haya, miezi mitatu imepita. Serikali inampokea mtoto wako tena lini? Akifika miaka minne, darasa la PP1, la kwanza la chekechea. Hesabuni katikati hapo. Miezi mitatu mpaka miaka minne. Hiyo ndiyo miaka anayojifunza kutembea, kusema, kula, kuogopa moto, kumjua mtu na asiye mtu. Na ndiyo miaka ambayo hakuna anayeuliza yuko wapi, isipokuwa mama yake, akiwa kazini, kwa simu ya chaji nusu.

Mtasema, basi hiyo si kazi ya serikali. Nilidhani hivyo na mimi. Kisha mwanafunzi mmoja wa sheria, mtoto wa hapa mtaani, akanionyesha Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inayotaja kazi za kaunti. Nimeisoma mara tatu nisijidanganye. Imeandikwa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani, na vituo vya kulea watoto. Vituo vya kulea watoto! Vimo. Viko mstari mmoja na chekechea. Madarasa ya chekechea tumeyaona yakijengwa, na tunashukuru, yana rangi nzuri. Hilo neno la mwisho la mstari uleule mmelisikia kwenye kampeni ya nani?

Sisemi kaunti inijengee mimi ghorofa. Nasema mambo madogo. Darasa la chekechea karibu nami hufungwa saa sita mchana. Kuanzia saa sita mpaka saa kumi na mbili jioni lina kufuli. Chumba kipo, choo kipo, tangi la maji lipo, watoto wako kwangu wamebanana. Nasema mlezi anayetaka kufunzwa huduma ya kwanza afunzwe bila kulipa. Nasema mtu wa afya apite akague vyumba vyetu, na changu kiwe cha kwanza, lakini asije na faini mkononi kabla hajaja na ushauri, maana wale wa dawa ya mafua watahamia vichochoroni na watoto wataenda nao.

Yanaombwaje? Hapa sikilizeni, andikeni. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kaunti lazima ipeleke makadirio ya bajeti kwenye bunge lake kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo kuna waraka wa mikakati ya fedha, Februari 28. Na mpango wa maendeleo wa mwaka unawasilishwa Septemba 1 mwaka uliotangulia. Sisi tunaamka Juni, tunapiga kelele, tunaambiwa bajeti imepita. Imepita kweli. Mwaka jana nilikwenda mkutano wa kutoa maoni. Uliitwa Jumanne saa nne asubuhi. Nani mwenye mtoto mchanga na kibarua anaweza kuwa mahali saa nne asubuhi siku ya Jumanne? Tulikuwa wanawake wanane, wazee ukumbi mzima, wakazungumza barabara saa mbili na nusu. Barabara muhimu, sikatai. Niliposimama kusema deikea, mzee mmoja akaguna, "Hayo ni mambo ya nyumbani."

Hapo ndipo nawafikia kina baba. Mlidhani nimesahau.

Nimepokea watoto miaka 11 sasa. Kila mama anayekuja kulia kwangu anasema maneno yaleyale: deikea inakula mshahara wangu. Wangu. Hata wenye waume, hata waume wenye kazi nzuri. Baba hajawahi kuniambia deikea inakula mshahara wake. Kwa nini? Nyinyi mkipiga hesabu usiku kitandani, mnasema, "Wewe unapata 500, 200 inaenda kwa Mwalimu, basi kazi yako haina faida, kaa nyumbani." Kwani hiyo 200 inatolewa kwenye 500 ya mama kwa amri ya nani? Ingetolewa kwenye mshahara wa baba, kazi ya nani ingeonekana haina faida? Mtoto ana wazazi wawili. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana, wasiwe wameoana. Sikuiandika mimi.

Msinune. Nina kijana mmoja wa tuktuk, yuko hapo nyuma, mnamjua. Mke wake anaingia zamu saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo yeye ndiye anayemleta mtoto, amemwogesha, amemvalisha, fulana mara nyingine mbele nyuma. Wenzake wa steji walimpa jina, wakamwita Yaya. Akanieleza mwanzoni iliingia moyoni. Kisha kina mama wakaanza kumpigia simu yeye, aje awachukulie watoto, kwa sababu anajua kumkalisha mtoto na anaendesha polepole. Sasa asubuhi ana abiria wadogo sita wa kudumu, wanaolipa kwa wiki. Wale waliomwita Yaya bado wako steji, wanangoja.

Nimalizie, maana naona mawingu yanarudi.

Tumekubaliana na katibu wa mkutano huu mambo matatu. Kwanza, akiba ya msimu: wazazi 14 wa chama kimoja cha Muyeye walianza kuweka shilingi 20 kila siku wakati wa msimu, ili kusi ikiingia mtoto asitolewe deikea na mlezi asifukuzwe. Wameimaliza kusi moja kwa njia hiyo, si vizuri sana, Juni pesa ilikatika wiki moja kabla, lakini hakuna mtoto aliyeondolewa. Anayetaka tuanze yetu aandike jina lake. Pili, barua ya kuomba darasa la chekechea lifunguliwe mchana ipo tayari, inataka sahihi na namba ya kitambulisho. Tatu, mkutano ujao wa maoni ya bajeti watu watano wataacha kazi zao waende, na sisi wengine tutachanga tuwalipe siku yao. Watoto wao siku hiyo nitawashika mimi bure. Nimesema bure, ila leo mmeshajua nani anailipa.

Daftari iko kwa katibu, mlangoni. Wenye zamu za usiku waandike ukurasa wa nyuma, maana hao nataka kuzungumza nao peke yao, sijui nitawafanyaje bado. Na yule mtoto wa fulana ya manjano, ni wa nani? Amelala juu ya mkoba wangu, na funguo za lango zimo ndani.